Kipima Gesi Kishuke Kabla ya Mtu

Habari za watu kufia kisimani au ndani ya shimo la majitaka husimuliwa karibu kila mara kwa mpangilio uleule. Mmoja ameshuka na kunyamaza ghafla. Wa pili, ambaye aghalabu ni ndugu yake au kibarua mwenzake, amemfuata ili amtoe. Wa tatu ameshuka kwa sababu hakuweza kusimama juu akitazama. Majirani wakikusanyika, utasikia kwamba shimo lile lina mambo yake, au kwamba marehemu alikuwa na presha. Ninafanya kazi ya usimamizi wa usalama kazini hapa Arusha, na shughuli zangu hunipeleka Moshi na vijiji vya mlimani mara kwa mara. Kwangu mimi vifo hivi vina maelezo yaliyo karibu zaidi: hewa ya mle ndani haikupimwa kabla ya mtu kuingia, ilhali chombo cha kuipima kipo na kinaenea kiganjani.

Chombo hicho ni kipima gesi cha kubebeka. Kile kinachotumika zaidi viwandani na kwenye miradi ya ujenzi hupima vitu vinne kwa pamoja: oksijeni, gesi zinazolipuka, kaboni monoksaidi na haidrojeni salfaidi. Hewa safi ina oksijeni asilimia 20.9, na kengele kwa kawaida hupangwa ilie ikishuka chini ya 19.5 au ikizidi 23.5, kwa maana oksijeni iliyozidi hufanya nguo na mafuta yashike moto kwa urahisi wa kutisha. Gesi zinazolipuka husomwa kwa namna tofauti, na hapa ndipo wengi hupotea. Namba inayoonekana kwenye kioo ni asilimia ya kile kiwango cha chini kabisa ambacho gesi huweza kuwaka, wala si asilimia ya gesi iliyomo hewani. Methani, mojawapo ya gesi hizo, huanza kuwaka ikifika takriban asilimia 5 ya hewa. Kwa hiyo kioo kikionyesha 10, methani imefika nusu asilimia tu, na hapo ndipo kengele ya kwanza hulia, mapema vya kutosha ili watu waondoke kwa miguu yao. Kwa kaboni monoksaidi kengele hupangwa mara nyingi kwenye ppm 35, yaani sehemu 35 katika milioni, na kwa haidrojeni salfaidi kwenye ppm 10.

Wachimbaji wa visima wana njia zao za zamani, na sizidharau, kwa kuwa zilitokana na watu waliozika wenzao wakatafuta dawa. Wapo wanaoshusha kibatari kwa kamba na wapo wanaoshusha kuku. Kibatari kikizimika, ni kweli kwamba oksijeni imepungua sana. Lakini kibatari kinachoendelea kuwaka hakisemi lolote kuhusu kaboni monoksaidi, na mahali penye methani chenyewe ndicho kitakachowasha shimo. Pua nayo si shahidi wa kutegemewa. Haidrojeni salfaidi hunuka kama yai viza hata ikiwa chini ya ppm 1, jambo linalomfanya mtu aamini kwamba harufu itamwonya. Ikifika karibu ppm 100 hupooza uwezo wa kunusa, harufu ikatoweka, na mtu akadhani hewa imesafika wakati ambapo imezidi kuwa sumu. Ikikaribia ppm 1,000 pumzi chache hutosha kumwangusha.

Mfano ninaoutumia sana ninapofundisha vibarua ni wa mtambo wa biogesi. Mitambo hii imeenea kwenye miteremko ya Meru na Kilimanjaro tangu miaka ya 1980, kwa kazi kubwa ya CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia vijijini kilichopo hapa Arusha, na ni baraka kwa kaya inayofuga ng'ombe wa ndani, kwa sababu samadi ipo uani na mama hupata moto bila kutafuta kuni. Miaka ikipita, mchanga na tope gumu hujaa chini ya kuba, gesi hupungua, na hatimaye mtu hulazimika kuufungua mtambo ili ausafishe. Nilikuwapo kazi ya namna hiyo ilipofanyika kwenye boma moja huko Uru. Mfuniko ulikuwa umeondolewa tangu jana yake, shimo likalala wazi usiku kucha, na mwenye nyumba aliona hilo limetosha. Fundi, mzee aliyejenga mitambo mingi pande zile, hakuona hivyo. Tulifunga mpira mwembamba kwenye pampu ya kipima gesi na kuanza kuushusha. Shingoni mwa shimo kioo kilionyesha oksijeni 20.7 na sifuri kwingine kote, na kijana wa kazi akaanza kukunja suruali.

"Subiri, mwanangu," mzee alimwambia, "mpira haujafika chini."

Tuliushusha hatua kwa hatua, tukisimama kila mahali, kwa kuwa kila mita ya mpira huongeza sekunde kadhaa kabla gesi haijafika kwenye kihisi, yaani ile sehemu ya chombo inayoitambua gesi, na kihisi chenyewe huhitaji nusu dakika au zaidi ili kitulie kwenye namba ya kweli. Mpira ulipokaribia tope, oksijeni ilishuka hadi 19.2, gesi inayolipuka ikapanda hadi 12, na haidrojeni salfaidi ikasoma 4; kengele ililia mikononi mwangu, mwenye nyumba akarudi nyuma hatua mbili. Tulileta feni, tukaisimamisha mbali na mdomo wa shimo ili cheche ya mota isikutane na gesi, na kupeleka hewa hadi chini kabisa kwa bomba la turubai. Baadaye tulipima tena juu, katikati na chini, na kote kukasoma hewa safi. Hapo kijana alishuka akiwa amefungwa mkanda wa usalama, kamba yake ikiwa juu kwenye stendi ya miguu mitatu, na kipima gesi kikiwa kimebanwa kifuani pake. Alipopasua ganda la tope kwa chepe, haidrojeni salfaidi ilipanda kutoka sifuri hadi 14 kabla hajainua chepe la pili. "Toka kwanza, toka," mzee alisema, na kijana akatoka.

Yaliyotokea kwenye chepe lile la kwanza yanafaa kuelezwa kwa kila anayenyonya majitaka, anayezibua chemba au anayesafisha tangi la molasi. Tope hushika gesi ndani yake, na gesi hiyo haionekani kwenye kipimo cha asubuhi kwa sababu bado haijatoka. Kibali cha kazi kinachosema kwamba hewa ilipimwa saa mbili na kukutwa salama hakimlindi mtu anayekoroga tope saa tatu. Ndiyo maana chombo kinapaswa kumfuata mtu ndani na kukaa karibu na pua na mdomo wake. Nimeona kimefungwa kiunoni chini ya koti la mvua, mahali ambapo kinapima koti.

Upo udanganyifu mwingine wa chombo hiki ambao ninauogopa zaidi, kwa kuwa humdanganya hata mtu aliyefuata utaratibu. Katika vipima gesi vingi, kihisi cha gesi zinazolipuka ni ushanga mdogo wenye waya wa platinamu ndani yake, unaopashwa moto kwa umeme. Gesi ikiugusa, huungua juu yake, joto hupanda, ukinzani wa waya hubadilika, na badiliko hilo ndilo linalogeuzwa kuwa namba. Kuungua huko kunahitaji oksijeni. Sasa fikiria mtambo uliojaa biogesi, ambamo methani ni zaidi ya nusu na oksijeni karibu haimo kabisa: namba itapanda kwa kasi, kisha, kwa kukosa oksijeni ya kuunguzia, itashuka kuelekea sifuri. Ni kama jiko la mkaa lililofunikwa kwa sufuria pana, ambalo linazimika likiwa bado limejaa mkaa. Vyombo vizuri huganda kwenye alama ya kuzidi kiwango na kukataa kurudi hadi vipelekwe kwenye hewa safi, lakini si vyote. Kwa sababu hiyo oksijeni husomwa kwanza, kabla ya kitu kingine chochote, na namba ya gesi inayolipuka iliyosomwa mahali ambapo oksijeni iko chini ya asilimia 10 haina thamani yoyote. Ushanga huo pia huuawa na silikoni, ile iliyomo kwenye vipulizo vya kung'arishia dashibodi za magari na kwenye gundi za kuzibia vioo. Chombo kilichokaa gereji karibu na vitu hivyo huweza kuwaka vizuri, kuonyesha sifuri yake safi, na kisihisi chochote tena.

Gesi ya kupikia inahitaji angalizo lake. Serikali imeweka lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia, na mitungi inaongezeka madukani, shuleni na hotelini. Propani na butani iliyomo ni nzito kuliko hewa, na huanza kuwaka ikiwa takriban asilimia 2 tu ya hewa. Anayetafuta uvujaji jikoni akiwa amenyanyua chombo usawa wa kichwa anapima mahali pasipo na gesi. Kipelekwe sakafuni, kwenye mifereji ya maji na nyuma ya friji. Zaidi ya hapo, kihisi cha ushanga kilichosawazishwa kwa methani husoma gesi hizi nzito pungufu ya hali halisi, hivyo kwenye jiko la gesi hata 5 ni sababu ya kufunga koki na kuwatoa watu nje.

Kaboni dayoksaidi ndiyo pengo kubwa la kipima gesi cha vitu vinne, kwa maana kwa kawaida haimo katika hivyo vinne. Huzaliwa popote palipo na uchachu, yaani kwenye matangi ya viwanda vya bia, kwenye mapipa ya mbege, kwenye mashimo ya kuvundikia majani ya mifugo na kwenye maghala ya nafaka yaliyopata unyevu. Ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa, hivyo hulala chini. Katika maeneo ya volkano hutoka ardhini yenyewe. Jirani na Goma hujaa kwenye mabonde madogo ambayo wenyeji huyaita mazuku na kuua mifugo na watu, na mwaka 1986 ilifumuka kutoka Ziwa Nyos nchini Kamerun na kuua watu wapatao 1,700 usiku mmoja. Msimamizi anaweza kudhani kwamba kihisi cha oksijeni kitamwonya, kwa hoja kwamba gesi ikiingia oksijeni hupungua. Tufanye hesabu. Oksijeni ikishuka kutoka 20.9 hadi 19.9, haijagusa kengele ya 19.5. Lakini oksijeni ni sehemu moja tu kati ya sehemu tano za hewa, hivyo upungufu huo wa asilimia 1 maana yake ni kwamba karibu asilimia 5 ya hewa yote imesukumwa nje na kitu kingine. Ikiwa kitu hicho ni kaboni dayoksaidi, ni karibu ppm 48,000, na kiwango kinachohesabiwa kuwa hatari ya papo kwa papo kwa uhai ni ppm 40,000. Chombo kimenyamaza, na mtu yumo ndani ya hatari. Kwa kazi za bia, maghala na visima ninasisitiza chombo chenye kihisi cha tano cha kaboni dayoksaidi, na pasipokuwa nacho, oksijeni ikipungua hata kwa nusu asilimia bila sababu inayojulikana, mtu asishuke.

Sasa kaboni monoksaidi. Mwezi Juni na Julai Arusha huwa na baridi kali, na jiko la mkaa lililoingizwa chumbani, madirisha yakafungwa, limeua watu waliolala bila kusikia chochote. Gesi hii haina harufu wala rangi, na hujishika kwenye chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Jenereta iliyowekwa korido umeme ukikatika hufanya kazi hiyohiyo. Haya husemwa redioni kila mwaka. Yasiyosemwa sana ni ya mlimani. Kwenye kambi za juu za Kilimanjaro, kama Barafu iliyo zaidi ya mita 4,600, baridi na upepo huwafanya wapishi na wagumu, yaani wapagazi, kufunga hema la jiko na kulala humohumo kwenye joto. Mtu akiamka na kichwa kinachouma, kichefuchefu na kizunguzungu, kila aliyepo atasema ni ugonjwa wa mwinuko, kwa sababu dalili zinafanana mno. Kiongozi atatoa kile kifaa cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni ya damu, ambacho leo kila kiongozi makini hupanda nacho, na kifaa kitaonyesha namba nzuri. Kifaa cha kidoleni cha kawaida hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na damu iliyobeba kaboni monoksaidi. Zote mbili huziona nyekundu. Kwa hiyo mgonjwa mwenye sumu huweza kuonekana mzima kuliko wenzake. Kipima gesi kidogo cha kaboni monoksaidi peke yake, kinachobanwa mfukoni, kikiwekwa kwenye hema la jiko, kingemaliza ubishi huo kwa dakika chache. Ningependa kampuni za utalii za Moshi zikihesabu kuwa sehemu ya vifaa vya lazima, sawa na mtungi wa oksijeni, na kiwe kwa ajili ya wagumu kwanza, kwa kuwa wao ndio wanaolala jikoni.

Huko Mirerani, kwenye machimbo ya tanzanite, hali ina sura nyingine. Mwezi Juni 2002 wachimbaji zaidi ya 30 walipoteza maisha kwa kukosa hewa mgodini, na msiba ule ungali katika kumbukumbu za familia nyingi za Arusha. Moshi wa baruti una kaboni monoksaidi na pia naitrojeni dayoksaidi, ambayo chombo cha vitu vinne hakiioni. Mwanaapolo, yaani mchimbaji, aliyeivuta anaweza kupanda juu akijisikia nafuu, akala na kulala, kisha mapafu yake yakajaa maji saa kadhaa baadaye. Kwa mgodi, kihisi cha gesi hiyo ni cha lazima, pamoja na muda wa kutosha wa kupitisha hewa baada ya kulipua.

Tatizo linalonisumbua zaidi katika mikoa yetu, hata hivyo, si ukosefu wa vyombo. Vyombo hununuliwa, hasa zabuni inapodai. Baada ya hapo hukaa kabatini, huchajiwa siku ya ukaguzi, na havijaribiwi kamwe kwa gesi halisi. Kihisi cha kielektrokemikali, kile cha oksijeni, kaboni monoksaidi na haidrojeni salfaidi, huchakaa hata kisipotumika, na kwa kawaida huishi miaka 2 hadi 3. Kihisi cha kaboni monoksaidi au cha haidrojeni salfaidi kilichokufa huonyesha sifuri ileile inayoonyeshwa na hewa safi. Njia pekee ya kuvitofautisha ni kukipulizia gesi inayojulikana kabla ya kazi ya kila siku na kutazama kama namba zinapanda na kengele inalia. Mtungi mdogo wa majaribio unaotumika sana una kaboni monoksaidi ppm 100, haidrojeni salfaidi ppm 25, methani asilimia 2.5 na oksijeni asilimia 18, na jaribio lenyewe halimalizi dakika mbili. Nilipata kumwomba mkandarasi mmoja mtungi huo kwenye eneo lake la kazi akanionyesha cheti cha kiwandani kilichokuja na chombo, cha miaka minne iliyopita, na vibarua wake walikuwa tayari ndani ya chemba. Niliwatoa. Hakufurahi, na sikutarajia afurahi.

Mtungi wa majaribio huagizwa Dar es Salaam au Nairobi, una tarehe ya kuisha muda, na kwa kuwa ni gesi iliyogandamizwa si kila msafirishaji hukubali kuubeba. Mkandarasi mdogo ataona ni gharama isiyo na maana kwa chombo kimoja. Pendekezo langu ni kwamba wakandarasi wa majitaka na wachimba visima wa Arusha, Usa River na Moshi wanunue mtungi na kifaa chake kwa ubia, wakiweke mahali pamoja, na kila mwenye chombo apite asubuhi kabla ya kwenda kazini. Na anayeanza sasa, akiwa na fedha ya kununua vyombo vitatu vya bei rahisi, ni bora anunue kimoja chenye pampu na mpira, pamoja na mtungi wa majaribio. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri ahakikishe usalama wa anayemtuma kazini, na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, wana ofisi hapa kanda ya kaskazini, hivyo mwenye kuhitaji maelekezo ana mahali pa kuyaomba bila kusubiri ukaguzi.

Limebaki suala la uokoaji. NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama kazini, ilieleza mwaka 1986 kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa katika maeneo finyu walikuwa watu waliokwenda kuokoa. Barakoa ya vumbi haizuii gesi yoyote kati ya hizi, na kitambaa kilicholowanishwa maji pia hakizuii. Anayeingia kuokoa anahitaji mtungi wa hewa mgongoni na barakoa inayoziba uso wote, vitu ambavyo kijiji hakina na Zimamoto wanavyo. Kwa hiyo mtu wa juu hufanya mambo matatu tu: humvuta aliye chini kwa kamba ikiwa alifungwa, hupeleka hewa shimoni kwa feni au kompresa, na hupiga 114. Anayepiga aseme ni shimo la namna gani, lina kina gani, wameingia wangapi, kuna harufu gani, na kipima gesi kilisoma nini mara ya mwisho, kwa kuwa kikosi kitaamua vifaa vya kupakia kwenye gari kutokana na maelezo hayo kabla hakijaondoka kituoni.